Barua ya Daktari Iliyosomwa kwenye Kicheni Pati

Nimeamua kuusimulia mwenyewe mkasa huu, maana najua nusu ya mtaa wetu wa Miyuji mmeshausikia na kila anayeusimulia anaongeza chumvi yake. Juzi tu nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mama mmoja asiyenifahamu akawa anamweleza mwenzake kwamba mwalimu yule alizimia, akamwagiwa ndoo ya maji, akabebwa na wanawake wanne, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika ndoo yangu ya mahindi, natikisa kichwa kumsikitikia huyo mwalimu. Sikuzimia jamani. Ningezimia ingekuwa nafuu. Aibu ile niliipata nikiwa nimesimama wima, nimevaa kitenge kipya, maiki mkononi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwalimu Perisi, miaka sitini na mbili, mstaafu, na kabla ya kustaafu nilifundisha darasa la kwanza hapa hapa Dodoma mpaka nikawafundisha watoto wa wale niliowafundisha. Kama ulisoma shule yetu na una mwandiko mzuri, ujue ni mimi niliyekushika mkono (na kama una mwandiko mbaya, ulikuwa kwa yule mwenzangu wa mkondo B). Nilipostaafu nikapata kazi ya pili bila kuiomba, nayo ni kuwafunda mabibi harusi. Mtaa huu kicheni pati haifanyiki bila mimi. Nasimama mbele ya turubai zima la wanawake, nawaeleza namna ya kumpokea mume akitoka kazini, namna ya kugombana naye bila kuita majirani, kitanda kitandikweje, na yale mengine ambayo ndiyo hasa wanayoyasubiri, nayasema bila kupepesa macho, vigelegele vinapigwa, mabinti wanaficha nyuso kwenye khanga.

Sasa sikieni. Huyo mtaalamu wa vitanda vya wenzake, cha kwake alikuwa amekihama, na huo ulikuwa mwaka wa pili.

Mume wangu ni Baba Tabitha, dereva mstaafu wa serikali, mtu mpole ambaye hata honi hapigi mpaka awe hana njia nyingine. Watoto wetu wameshatoka, ila binti yetu Tabitha anafanya kazi kule Mtumba, anaondoka alfajiri anarudi jua limezama, kwa hiyo mabinti zake wawili wanakaa kwetu na wana chumba chao. Tulikuwa tunaishi vizuri. Halafu mimi nikakoma hedhi, nikashukuru Mungu nimepumzika, kumbe kulikuwa na nyongeza ambayo hakuna aliyenieleza. Baada ya muda tendo la ndoa likaanza kuniuma, na siyo yale maumivu ya kusema nitavumilia, ni kama mtu anasugua kidonda. Mwili umekauka. Nikadhani nimelogwa, nikadhani ni adhabu, nikadhani ndiyo uzee wenyewe umefika na sasa nimefungwa kama duka.

Nikajitibu kimya kimya. Nilisikia akina mama wanasifia maji ya bamia, nikayanywa kila asubuhi wiki sita (yanateleza mdomoni, lakini huko nilikokusudia hayakufika), mpaka nikajiuliza mwenyewe, Perisi, wewe ni Mgogo, umekula mlenda tangu ulipoota meno, kama utelezi wa chakula ungekuwa dawa ya jambo hili si wanawake wote wa Dodoma tungekuwa salama? Nikaacha. Na kumwambia mume sikuweza. Niliyeweza kuyasema mbele ya turubai zima, chumbani kwangu ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

Basi siku moja tunajiandaa kulala, akanyoosha mkono wake akaniwekea begani, mkono ninaoujua miaka thelathini na nane, na mimi badala ya kumwambia ukweli nikamwambia, "Baba Tabitha, siku hizi unakoroma mno, mimi silali." Nikachukua mto wangu nikaenda kwa wajukuu.

Yote yaliyofuata yalitoka kwenye sentensi hiyo, maana mume wangu hakoromi. Analala kimya kiasi kwamba zamani nilikuwa naamka namgusa kuhakikisha anapumua.

Lakini aliamini, na hapo ndipo ninapojichukia. Akaanza kulala ubavu. Akaweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Akaacha ugali wa jioni akawa anakunywa uji, kwa sababu aliambiwa shibe ndiyo inayokoromesha. Siku moja nimeingia kumwamsha nikamkuta amejifunga leso kuanzia kidevuni mpaka utosini, fundo limekaa juu, mtu mzima, dereva wa wakubwa, amelala amefungwa kama mtu anayeumwa jino. Na kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Jana je, nilikoroma?" Na mimi, kutoka chumba cha pili ambako nilikuwa nimelala fofofo, namjibu, "Kidogo."

Akachoka. Tuna shamba la zabibu kule Hombolo, na lina kibanda cha kukaa wakati wa kupogoa na kuvuna. Nikaona anakipaka chokaa. Nikaona ananunua taa ya sola. Halafu akanunua kitanda cha futi tatu, na mnajua wenyewe kitanda cha futi tatu hakimsubiri mtu wa pili. Akaniambia kwa upole wake ule ule kwamba baada ya harusi ya Rehema wa jirani atahamia Hombolo moja kwa moja. "Wewe rudi chumbani kwako," akasema, "usibanane na watoto kwa ajili yangu. Mimi nitakoromea huko." Aliondoka kwenda kumwagilia mchicha, na mimi nikabaki jikoni nimeshika mwiko, machozi yananitoka, nikisema moyoni kwamba ninampoteza mume wangu akiwa mzima, kwa ugonjwa ambao siyo wake.

Ndipo nikaamua kwenda kituo cha afya. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ndiyo ilikuwa kicheni pati ya huyo huyo Rehema, ambayo mimi ndiye mfundaji. Nikajijua kwamba nikifika mbele ya daktari ulimi utagoma, kwa hiyo nikiwa kwenye benchi la dirisha la wazee nikatoa karatasi na kalamu nikaamua kumwandikia, nimpe asome, anijibu, yaishe. Na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa umma hata nikistaafu, sikuweza kuandika ovyo ovyo. Niliandika barua. Nikaweka anayeandikiwa, nikaweka Yah, nikapigia mstari kichwa cha habari kwa kutumia ukingo wa kadi ya bima. Nikaacha tu nafasi ya jina. Kalamu niliyokuwa nayo ni nyekundu, sina nyingine, nimesahihisha madaftari maisha yangu yote na mpaka leo orodha ya sokoni naiandika kwa wino mwekundu.

Nikaitwa. Naingia, naona kijana wa koti jeupe anasimama, anainamisha kichwa, "Shikamoo Mwalimu." Jamani, alikuwa mwanafunzi wangu, yule aliyekuwa akilia kila asubuhi tangu Januari mpaka Aprili na mimi ndiye nilikuwa namfuta makamasi. Akaniuliza kwa heshima zote, Mwalimu unasumbuliwa na nini? Karatasi iko mkononi, imekunjwa. Nikamtazama mtoto yule, nikarudisha karatasi kwenye mkoba, nikasema, "Goti."

Akalipima goti langu lote. Lina afya nzuri sana. Akanipa dawa ya kuchua.

Jioni Baba Tabitha akaiona ile dawa mezani, akasoma maandishi, akavuta kigoda mbele yangu, akasema lete mguu nikuchue. Na mimi, kwa ile hofu ya miaka miwili kwamba mkono ukianza kwenye goti utataka kuendelea, nikauvuta mguu haraka kama nimeguswa na moto.  Alifunga kifuniko cha dawa, polepole, akairudisha mezani, akaenda nje. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi ikafika. Akanipeleka kwa pikapu yetu kuukuu, ingawa ni mwendo wa kutembea, kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino na yeye "hakutaka goti lipate shida." Mimi nikaingia kwenye turubai, yeye akaenda kukaa na Baba Rehema na wanaume wengine kule nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, wanakunywa soda wakisubiri chakula. Wanaume hawaingii kwenye kicheni pati, wote tunajua, na wote tunajua pia kwamba kijana wa muziki huwa anafunga spika mbili ndani na mbili nje ili mtaa ujue kuna shughuli.

Sasa niwaeleze utaratibu wangu wa maswali. Wanawake wana mambo ya kuuliza ila wanaona aibu kuonekana wakiandika, kwa hiyo wananipa karatasi zao zilizokunjwa siku za kabla, kanisani, sokoni, dirishani, na mimi nazitumbukiza kwenye mkoba bila kuzifungua (ndiyo sifa yangu, kwamba sisomi kabla, najibu papo kwa papo). Siku yenyewe nazimwaga kwenye kikapu, mtu mwingine anachomoa anasoma, mimi najibu. Siku ile nikaugeuza mkoba nikazimwaga zote, kwa madaha, watu wanapiga makofi.

Msomaji alikuwa mama mkubwa wa Rehema, amekuja na basi kutoka Kondoa, mama mnene mchangamfu asiyehitaji maiki lakini aliishika. Swali la kwanza lilikuwa la mawifi, nikajibu. La pili mume anayeficha simu, nikajibu, vigelegele. La tatu, la nne, nimeshapata moto, natembea huku na huku. Akachomoa la tano, akalikunjua, akasema hili mwenzetu ameliandika rasmi kweli. Nikaona wino mwekundu upande wa pili wa karatasi.

Nilitaka kusema subiri. Alikuwa ameshaisogeza maiki mdomoni.

Akasoma, kwa ile sauti, ndani na nje: "Kwa Daktari wa zamu. Yah, maumivu kwenye tendo la ndoa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili. Tangu nikome hedhi tendo hilo linaniuma sana. Nimehama kitanda, nalala na wajukuu, mwaka wa pili huu. Mume wangu nimemwambia anakoroma. Hakoromi. Sasa anataka kuhama nyumba. Naomba msaada wako maana bado nampenda. Wako mtiifu, nukta nukta nukta."

Turubai likacheka, hasa pale kwenye nukta. Mimi nafikiria kitu kimoja tu, nijitenge na karatasi ile kadiri nitakavyoweza, na kujitenga kwenyewe nikaona ni kuikejeli. Nikachukua maiki. Nikasema, na sitajisamehe, kwamba huyu bibi aliyeandika amechanganyikiwa, miaka sitini na mbili anatafuta nini tena huko, mambo hayo yana wakati wake na wakati wake umeisha, alee wajukuu, huyo mzee ampe uji wa moto na heshima yake, inatosha. "Na kama anataka kuhama," nikasema, "ahame, wapumzike wote."

Mabinti walicheka. Lakini mimi nimezoea kulitazama darasa, najua kicheko cha darasa zima na kicheko cha nusu darasa. Safu za mbele walipokaa wanawake wa rika langu hawakucheka. Mama Mendriti, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, mama wa miaka sitini na nane, mjane aliyeolewa tena mwaka uliopita tukamchezea ngoma, alikuwa anavuta vuta pindo la khanga yake na kutazama chini.

Akasimama binti mmoja katikati. Jeni, nesi, naye niliwahi kumfundisha. Akaomba maiki kwa adabu, akanisalimu kwanza, shikamoo Mwalimu, akaomba radhi kwamba anataka kuongeza kidogo. Akasema aliyeandika hajachanganyikiwa wala hajalogwa. Mwanamke akikoma hedhi vichocheo vya mwili vinapungua, ukeni panakuwa pakavu na ngozi inakuwa laini ya kuchubuka, ndiyo maana panauma, na ni jambo la wanawake wengi sana ila kila mmoja anadhani ni peke yake. Akasema kuna vilainishi vya maji vya dukani, kuna krimu ambayo daktari anaandika baada ya kukupima, na kama kuna damu inatoka wakati hedhi ilishakoma usikae nyumbani, nenda haraka. Akasema wazee nao ni watu, wanatamani kushikwa, na hata wanaume wao wana yao, dawa za presha na kisukari zinaweza kuwapunguzia nguvu na wao wanaona aibu kusema, basi kila mmoja anajificha kwa mwenzake. Halafu akauliza kwa upole kama kuna mama mwingine humu ndani anayeijua hali hiyo.

 Kisha Mama Mendriti, mwenyekiti wetu, akanyanyua mkono. Hakuunyanyua juu, aliufikisha sawa na bega. Akasema, "Mimi. Na huyu bwana nina mwaka naye. Nimesikia Mwalimu anasema wakati umeisha, nikafikiri basi nirudi kwa watoto wangu."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilikuwa nimemtukana mama yule mbele ya watu kuficha aibu ambayo ni ya kwangu. Nikamtazama Rehema, bibi harusi mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake cha mapambo, na nikaona ile karatasi imewekwa mezani mbele yake, na yeye anaitazama, halafu ananitazama, halafu akaigeuza taratibu maandishi yakalala chini, akaweka sahani juu yake. Mtoto yule nilimfundisha herufi a mpaka z. Alikuwa ananisitiri.

Nikachukua maiki kwa mara ya pili.  Nikasema, "Mama Mendriti, nisamehe. Ile karatasi ni yangu."

Na sauti ya binti mmoja kule nyuma ikajibu, bila kejeli yoyote, kama anajibu darasani, "Tunajua, Mwalimu."

Turubai lote likaangua kicheko. Kumbe tangu karatasi ilipokunjuliwa, wino mwekundu, kichwa kimepigiwa mstari, herufi zimesimama wima zote, nusu ya waliokuwemo walishajua, maana wao wenyewe mpaka leo wanaandika hivyo hivyo. Nilikuwa najificha mbele ya watu niliowafundisha mwandiko. Walicheka na mimi nikacheka, huku nalia, Mama Mendriti akaja akanishika, wakaja na wengine wa safu ya mbele, na nesi Jeni akapata wateja pale pale.

Na katikati ya kicheko kile nikasikia injini ya pikapu yetu. Naijua, inakohoa mara tatu kabla ya kuwaka.

Nikatoka mbio nyuma ya nyumba. Wanaume wameketi, kiti kimoja kitupu, soda imeachwa nusu. Baba Rehema, maskini, hajui hili wala lile, akanieleza kwamba walikuwa wanasikiliza, wakacheka sana pale kwenye "hakoromi," wakawa wanaulizana huyo mume ni nani jamani, Baba Tabitha naye akacheka pamoja nao, kisha mimi niliposema wakati umeisha, ahame wapumzike, akainuka akasema amekumbuka kitu nyumbani. Nikauliza, na maneno yangu ya mwisho hakuyasikia? Akasema spika za nje zilizimwa nesi aliposimama, ili wanaume wapakuliwe chakula kwa utulivu.

Basi alikuwa amesikia barua, na amesikia jibu langu, na hakusikia kingine.

Nilivua viatu. Nilitembea kutoka kwa Mama Rehema mpaka kwangu peku, kitenge nimekishika kwa mkono mmoja, viatu kwa mkono wa pili, changarawe zinanichoma, jua la Dodoma la saa tisa linawaka, na kila mlango mtu ananisalimia, mbukwenyi Mwalimu, na mimi najibu kila salamu kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshavunja kila kitu isipokuwa adabu. Nikafika. Pikapu imesimama uani, nyuma imepakiwa godoro, taa ya sola, na sanduku lake la bati. Mwenyewe ameketi kwenye ubao wa nyuma wa gari, miguu inaning'inia, ameshika ile leso.

Nikasimama mbele yake. Sikuwa na karatasi. Nikasema yote kwa mdomo wangu, kwamba inaniuma tangu lini, kwamba niliogopa, kwamba goti ni zima, kwamba nilichojibu kule ni uongo na nilishaomba radhi mbele ya watu, kwamba sitaki ahame na sijawahi kutaka.

 Akaikunjua leso, akaikunja. Akasema, "Perisi, miaka miwili nimejifunga kidevu."

 Niliweka mkono kwenye magoti yake nikalia.

Halafu na yeye akasema la kwake, akitazama godoro. Tangu aanze vidonge vya presha mwili haumsikilizi kama zamani. Siku ile nilipochukua mto nikaondoka, alidhani nimeligundua hilo na nimetafuta tu maneno ya kistaarabu. Alijifunga leso kwa sababu kukoroma kulikuwa afadhali, kukoroma kuna dawa. "Nilikuwa naomba Mungu iwe kweli nakoroma," akasema.

Nikapanda nikaketi naye juu ya gari, watu wazima wawili na godoro, tukacheka mpaka wajukuu wakatoka ndani kutazama.

Jumatatu tulienda wote wawili dirisha la wazee. Yule kijana akasimama, shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee, goti linaendeleaje? Tukasukumana kwa viwiko, anza wewe, hapana anza wewe, mwisho nikaanza mimi, na nilipomaliza nikangoja dari ianguke. Haikuanguka. Aliandika, akauliza maswali kama anavyouliza ya malaria, akaniitia nesi wa kike anipime, akanipa kilainishi na krimu, na Baba Tabitha naye daktari akamwonya asithubutu kuacha vidonge vya presha kwa kujiamulia, akambadilishia aina na kumpangia siku ya kurudi. Sitawadanganya kwamba kesho yake tulikuwa vijana. Ilichukua wiki nyingi, kuna siku zilizokwenda na kuna siku tuliishia kushikana mikono na kuongea habari za zabibu, na hizo nazo nilikuwa nimezikosa miaka miwili. Mama Mendriti naye alikwenda. Hajarudi kwa watoto wake.

Kitanda cha futi tatu kiko Hombolo mpaka leo, tunakaushia zabibu juu yake. Kufunda bado naitwa, na zaidi ya zamani, ila sasa kabla ya yote nawaambia mabinti kwamba mfundaji wao aliwahi kusema uongo wa sentensi moja ukamgharimu miaka miwili, na kwamba kamwe, narudia kamwe, sitamwandikia daktari barua tena wakati nina mdomo.

Lipo jingine ambalo mume wangu halijui, na naomba libaki hapa hapa. Tangu nirudi chumbani, tukishakula mchana huwa tunajinyoosha kidogo, matofali tumeshayatoa, leso iko kabatini, anakula ugali wake anashiba, analala chali ametulia, moyo mweupe. Na anakoroma. Anakoroma kweli kweli, madirisha yanasikia. Akiamka ananiuliza kama zamani, "Je, nilikoroma?"

Namjibu hapana.